Tiba ya mahusiano kwa kikundi (IPT): tathmini yangu baada ya vikao vinane

Mtu mwenye sonona ya wastani, anayeweza kutoka nyumbani mara moja kwa wiki, ningemwambia aanze na hii. Hutaulizwa sana habari za utotoni. Swali kuu ni moja: hali hii ilipokuanza, kulikuwa na nini kati yako na watu wako?

Majibu huwekwa katika mafungu manne: msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha (ndoa, talaka, kuhama, maradhi, kazi kwisha) na upweke. Unachagua fungu moja, yakizidi sana mawili. Ukitaka kuyabeba yote, vikao vitaisha hujagusa hata moja. Uchaguzi huo unafanyika kwenye mazungumzo ya faragha kabla ya kikundi kuanza. Kama umeitwa moja kwa moja kwenye duara bila mazungumzo hayo, wamekurukisha hatua muhimu.

Tiba yenyewe ilibuniwa Marekani miaka ya 1970 na Gerald Klerman na Myrna Weissman. Toleo la kikundi lilijaribiwa vijijini Masaka na Rakai, Uganda, kwa wiki 16, dakika 90 kila kikao, wakiongoza wenyeji ambao si madaktari. Katika matokeo yaliyochapishwa 2003, waliokuwa na sonona kwenye vijiji vilivyopata tiba walishuka kutoka 86% hadi 6.5%, kule ambako haikutolewa, walibaki 54.7%. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2016 ulifupisha vikao kuwa vinane, na ndio niliopitia. Kwangu vinane vilitosha kwa ugomvi. Kwa msiba mzito naona ni vichache.

Kila wiki hujazwa dodoso la kupima sonona liitwalo PHQ-9: maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa 27. Kuanzia 10 ndipo sonona inahesabiwa kuwa ya kutibiwa. Hapa nina lawama. Mwezeshaji wetu alikuwa akisoma maswali mbele ya wote, na mbele ya majirani nani atakiri swali la tisa, lile la kutamani kufa au kujidhuru? Watu wanajibu sifuri. Lijazwe pembeni, mmoja mmoja, na atakayetaja hata alama 1 hapo abaki aongeleshwe siku hiyo hiyo.

Kilichonivutia zaidi ni mazoezi ya maneno. Tuseme mume amempelekea mama yake hela ya ada bila kumwambia mkewe. Mke hafundishwi kuvumilia. Kikundi kinamuuliza: utamwambia lini? Akiingia tu na njaa yake, au watoto wakishalala? Utaanzaje? "Wewe kwenu tu ndiko unakojali" inawasha moto, "Shule inafungua Jumatatu na ada haipo, tufanyeje?" inampa mtu nafasi ya kujibu. Kisha mwanakikundi mwingine anajifanya mume, tena mume mkali, anayekatiza na kufoka, ili mke azoee kubaki kwenye hoja yake. Wiki inayofuata analeta majibu, na kama ilishindikana wanatengeneza upya. Ila penye kipigo zoezi hili lisiwe la kumtuma mtu nyumbani akajaribu. Kwanza usalama wake.

Kinachoharibu vikundi ni siri kuvuja. Wifi na mke wa kaka hawafai kukaa duara moja, hata wakisema wanapatana. Cha pili ni mwezeshaji anayegeuza kikao kuwa mahubiri: ukisikia "jikaze" na "mshukuru Mungu" mara nyingi kuliko maswali, umeingia pabaya. Cha tatu ni kuanzisha kikoba katikati ya tiba. Mwenye deni huona aibu, haji, na mara nyingi ndiye aliyehitaji zaidi. Kikoba kisubiri kikao cha nane kipite.

Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ambaye hali yake hupanda hadi halali siku kadhaa na mwili hauchoki, aonane na daktari kwanza. Wenye dawa waendelee nazo, wasiache kwa sababu alama zimeshuka.

Kabla ya kujiandikisha, muulize mwezeshaji msimamizi wake ni nani na wanakutana mara ngapi. Akibabaika, tafuta kikundi kingine.