Kupima pumzi za usingizini Unguja: mashine imenifaa, kipimo cha damu hakikunifaa

Kwa miaka miwili mke wangu alikuwa akilalamika kwamba nikikoroma hunyamaza ghafla, kisha nikashtuka kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji, na mwezi uliopita nikenda katika kliniki moja ya binafsi mjini Unguja inayopima maradhi ya kukatika pumzi usingizini. Huduma zao ni mbili, nazo hazistahiki sifa moja.

Ya kwanza ni mashine ndogo ya kulala nayo nyumbani, yenye mkanda wa kifua, mrija wa puani na klipu ya kidoleni inayosoma oksijeni. Muuguzi aliibandika klipu kwa plasta, akaniambia, “Mzee wangu, ukenda msalani usiivue, tembea nayo hivyo hivyo.” Niliirejesha asubuhi, na majibu yakatoka siku ile ile: pumzi zilikatika au kupungua mara 34 kwa saa, ilhali chini ya 5 ni kawaida na kuanzia 30 ni maradhi makali. Grafu ya oksijeni ilikuwa kama meno ya mbuzi ya kukunia nazi.

Ya pili ni kipimo cha damu, kinachouzwa kwa maelezo kwamba kitaonesha ukali wa maradhi. Msingi wake upo: oksijeni inaposhuka na kupanda usiku kucha, mwili huzalisha molekuli haribifu zinazoshambulia mafuta ya seli, na malondialdehaidi, ambayo ndiyo inayopimwa hapa, ni miongoni mwa mabaki ya uharibifu huo; zipo tafiti zilizoikuta juu zaidi kwa wenye maradhi makali ya kukatika pumzi. Lakini hizo ni wastani za makundi ya watu. Sigara, kisukari na unene huipandisha vilevile, nami kisukari ninacho, wala hakuna aliyeniuliza. Sampuli yake hutakiwa kuwekwa kwenye baridi na kutenganishwa mapema; yangu niliiona juu ya meza, ubavuni mwa birika la chai, ikingoja boti ya Dar es Salaam. Baada ya siku 12 nilipewa karatasi iliyoandikwa “juu”, basi, na daktari mwenyewe aliiweka kando akairudia grafu.

Vipimo hivi huviuza kwa pamoja, lakini ukishikilia hukupa mashine peke yake. Fedha ya kipimo cha damu ni bora uiweke kwa barakoa ya mashine ya kusukuma hewa, ile ya kutibu maradhi haya usiku, ambayo bei yake hawakunitajia hadi siku ya mwisho.