Kutafuta roho ndani ya kichupa cha mate: vipimo vya asili vinampa nini mtu wa Dar?

Vipimo vya asili kwa vinasaba huagizwa mtandaoni kutoka nje, kwa takriban dola 40 wakati wa punguzo hadi dola 100, na gharama ya usafirishaji haimo humo. Wanaoviulizia hapa mjini ni wa aina mbili. Wapo wanaotafuta ndugu waliopotea. Wapo pia wanaobeba swali zito zaidi: mimi ni wa nani, mizimu yangu ni ipi, Mungu ameandika nini ndani yangu? Wa kwanza wakinunua hawapotezi fedha. Hawa wa pili nawaomba wasome hadi mwisho kabla ya kulipa.

Tuanze na kifaa chenyewe. Kampuni za 23andMe na AncestryDNA hutumia mate, MyHeritage na FamilyTreeDNA hutumia vijiti vya kusugua ndani ya shavu. Kwa mzee mwenye mdomo mkavu chagua vijiti bila kusita, kwa sababu kujaza mate mililita mbili humtesa na mara nyingi hayafiki. Ukitumia mate, nusu saa kabla usile, usinywe hata maji, usivute sigara wala kutafuna jojo. Jaza hadi kwenye mstari. Povu halihesabiwi, na hapo ndipo wengi hukosea: wanaona kichupa kimejaa, maabara inakuta mate nusu. Yakikataa kutoka, kanda mashavu taratibu kwa nje. Kisha funga kifuniko chenye dawa mpaka dawa yote imwagike ndani, tikisa kwa sekunde tano au zaidi. Dawa hiyo ndiyo inayozuia bakteria kuharibu sampuli njiani, na kwa joto letu la Februari dawa isipochanganyika vizuri sampuli inaoza kabla haijavuka bahari. Kwa vijiti, sugua kila shavu kati ya sekunde 30 na 60, zungusha kijiti, usikiguse kichwani kwa vidole. Aliyewahi kupandikizwa uboho asinunue kabisa, maana mate yake yanaweza kutoa vinasaba vya aliyemchangia.

Sampuli ikifika salama, majibu huchukua kama wiki nne hadi nane. Maabara haisomi vinasaba vyako vyote. Inasoma alama zipatazo 600,000 hadi 700,000 kati ya herufi (vijenzi vidogo vya vinasaba) zaidi ya bilioni 3, yaani pungufu ya asilimia 0.03. Anayekwambia kwamba kwa kipimo hiki kitabu chote cha maisha yako kimefunguliwa hajui anachouza.

Kisha zinakuja asilimia, na ndizo zinazowayumbisha watu. Asilimia hizo hupatikana kwa kulinganisha alama zako na za watu walio hai ambao kampuni imewakusanya. Watu wa Afrika Mashariki humo ni wachache. Tena wazungumzaji wa lugha za Kibantu walisambaa kutoka maeneo ya mpaka wa Nigeria na Kameruni katika miaka elfu nne au tano iliyopita, kwa hiyo Mzaramo, Mpogoro na Mkikuyu wanashirikiana sehemu kubwa sana. Usishangae basi ukiandikiwa jina la nchi jirani, au ukakuta kiasi cha Afrika Magharibi. Kampuni ikiongeza watu kwenye hifadhi yake asilimia zako zinabadilika wakati wewe ni yuleyule. Mtu aliyebadili jina la ukoo kwa ajili ya asilimia 8 amejenga juu ya mchanga.

Kwa watu wa pwani kuna jambo la kusisimua zaidi ya hizo asilimia. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya Waswahili ya Kenya na Tanzania, Kilwa ikiwemo, kati ya mwaka 1250 na 1800. Ilionekana kwamba kuchanganyika na watu wa Asia kulianza karibu na mwaka 1000, kwamba upande wa Asia ulitoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi, na kwamba upande wa Afrika, ambao kwa wengi ulizidi nusu, ulitoka zaidi kwa wanawake. Masimulizi ya Washirazi yana kweli ndani yake, na bibi zetu wa Kiafrika wamo katika kweli hiyohiyo. Huo ni utafiti wa mifupa ya kale uliofanywa kwa miaka mingi. Kichupa chako hakiwezi kukwambia kwamba babu yako alishuka kwenye jahazi fulani, sembuse kuthibitisha usharifu.

Kama unataka kitu chenye uzito wa kiroho, mimi ningekuelekeza kwenye vinasaba vya mitokondria, vile viungo vidogo vya seli vinavyozalisha nishati. Hiki ni kipande kidogo cha vinasaba, herufi 16,569, anachokupa mama peke yake, naye alipewa na mama yake, hivyo hivyo nyuma kabisa. Ni njia ileile wanayofuata Waluguru na Wazaramo wanapohesabu ukoo kwa mama. Njia zote za akina mama wa dunia ya leo zinakutana kwa mwanamke mmoja aliyeishi Afrika, kwa makadirio ya miaka 150,000 hadi 200,000 iliyopita. Wanasayansi humwita Hawa, na jina hilo limezua mkanganyiko: hakuwa mwanamke pekee wa wakati wake, ila ni yeye ambaye uzi wake wa mabinti haukukatika. FamilyTreeDNA huuza kipimo cha mitokondria nzima kikiwa peke yake, na ni ghali kuliko kile cha kawaida.

Lakini wanaofanya tambiko wajue hesabu hii. Ukirudi nyuma vizazi kumi una nafasi 1,024 za mababu, na vinasaba hugawanywa kwa vipande vikubwa, kiasi kwamba karibu nusu ya mababu hao hawajakuachia hata kipande. Kipimo hakiwaoni. Bibi anayewataja kwa majina anapomwaga maji anawaona. Ndiyo maana kabla ya kuagiza, keti na mzee wa ukoo na daftari, andika majina, vijiji, miiko na nani alioa wapi, kwani hata ndugu watakaotokea kwenye orodha ya kampuni hutawatambua bila daftari hilo.

Huduma za ziada zinazobandikwa kiroho sizipendekezi hata moja. Ripoti za "jeni ya Mungu" zinategemea dai la mwaka 2004 la Dean Hamer wa Marekani kuhusu jeni iitwayo VMAT2. Uhusiano alioutaja ulikuwa mdogo sana, na matokeo hayo hayakupitia jarida la kisayansi. Huduma ya "kuamsha nyuzi 12" za vinasaba ni uongo mtupu, kwani vinasaba vina nyuzi mbili. Chati za "funguo 64" huazima idadi ya kweli, kwa sababu herufi nne zikipangwa tatu tatu zinatoa mafungu 64, ila chati yenyewe hutengenezwa kwa tarehe, saa na mahali pa kuzaliwa. Hakuna mate yaliyopimwa. Kama unaitumia kutafakari, sawa, ila usiilipie kama kipimo.

Na kuna nyumba ambazo swali la kiroho ni zito kuliko yote haya: watoto wanaugua na kufa, na ukoo unasema ni laana ya upande wa mama. Hapo usinunue kipimo cha asili. Nendeni hospitali, baba na mama wote wawili, mkapime selimundu, kipimo cha damu cha kutenganisha aina za himoglobini. Wazazi wote wakiwa wabebaji, yaani wana jeni ya ugonjwa bila kuugua, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa, na jeni hiyo imetoka kwa wote wawili, sawa kwa sawa. Ilienea kwetu kwa sababu mbebaji hujikinga vizuri zaidi dhidi ya malaria kali. Mama aliyelaumiwa miaka kumi anastahili kuelezwa hayo mbele ya mawifi zake.

Kabla ya kutuma sampuli nje, uliza kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, Barabara ya Barack Obama. Sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009 inasimamia ukusanyaji, ufungashaji na usafirishaji wa sampuli hizi. Suala la nani baba wa mtoto lina njia yake hapohapo, kupitia mahakama, polisi, ustawi wa jamii au wakili, na kipimo cha asili hakichukui nafasi yake, ingawa kinaweza kufichua siri hiyo bila mtu kuomba. Waulize ndugu zako kwanza, kwani vinasaba vyako ni vyao pia. Mwaka 2023 wadukuzi walifikia taarifa za wateja wa 23andMe wapatao milioni 6.9, na Machi 2025 kampuni hiyo iliomba kinga ya kufilisika. Majibu yakitoka, pakua faili lako ghafi, yaani orodha ya alama zako zilizosomwa, na ulihifadhi, kisha futa akaunti na uombe sampuli iharibiwe. Hakikisha yote mawili yamethibitishwa kwa maandishi, maana taarifa zikifutwa kichupa kinaweza kuwa bado kiko kabatini.