Ea klina ipi ununue kwa vumbi la Tabora

Kabla hujalipia lile chujio la hewa (ea klina) la koni linalong'aa dukani, fungua boneti uangalie bomba linalotoka kwenye boksi la ea klina. Kwenye IST, Probox na gari nyingi za rika lao, hapo pana sensa ndogo ya hewa. Ndani yake mna uzi mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inasoma umeme unaotumika kuurudishia joto. Ndivyo inavyojua imwage petroli kiasi gani: takriban gramu 1 kwa gramu 14.7 za hewa. Ukichezea njia ya hewa, umechezea hesabu hiyo.

Namba moja kwangu ni chujio la karatasi, orijino au la kampuni inayoaminika, lenye namba ya kipuri ileile ya lile la gari yako. Hapa usione uchungu kutoa hela. Angalia sana mpira wa pembeni: ubonyeze kwa kidole, ukirudi upesi ni mzuri. Feki nyingi mpira wake ni mgumu, haukai sawasawa kwenye boksi, vumbi linapenya pembeni. Ukirudi safari ya vijijini Sikonge, pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba, upande wa injini. Kikitoka na vumbi, umeuziwa uongo.

La pili ni la nyuzi linalooshwa bila kupakwa mafuta. Linamfaa msafiri, ila likauke kabisa kabla ya kulirudisha.

La tatu ni la pamba lenye mafuta, na mimi liliniponza. Fundi alililowesha kupita kiasi, mafuta yakanasa kwenye uzi wa sensa. Kabla sijafika Urambo taa ya injini imewaka, nikikanyaga gari inamisi. Mashine ya kupimia gari ikatoa kodi ya P0171: hewa nyingi, petroli kidogo. Sensa ilipona kwa dawa yake maalumu ya kupuliza. Usiisugue kwa brashi wala kidole.

Koni la wazi naliweka mwisho. Mlio wake mtamu, nakubali, lakini linavuta hewa moto ya chini ya boneti, na hewa moto ni nyepesi, nguvu inapungua. Likija na bomba la kipenyo kingine, sensa inasoma visivyo kabisa.

La karatasi usikubali waoshe kwa maji. Lipulize taratibu kutoka upande safi, ule wa injini, na kiangazi likague kila kilomita 5,000. Weusi ukishaingia hadi ndani ya mikunjo, nunua jingine.