Fundi wa vibao Isevya aliyepaka maandishi ya Fordson: nampa 4 kwa 5

Wenye matrekta ya zamani mliopo Tabora mjini na huko Urambo, Kaliua, Sikonge, kama mnasumbuliwa na yale maandishi yaliyochomoza kwenye chuma achaneni na mafundi wa spre, kuna kibanda cha fundi wa vibao pale Isevya, kazi yake ya kila siku ni kuandika majina ya maduka na bajaji, huyo ndo nilimpelekea na leo namtolea maksi.

Trekta ni Fordson Major E27N, zile Ford walizotengeneza Dagenham, Uingereza, kuanzia 1945 hadi 1952, bodi bluu na rimu za chungwa, unawashia petroli kwanza injini ikishapata moto unageuzia mafuta ya taa. Ni la mjomba, lilikuwa limelala chini ya mwembe Urambo na yeye anaapa ni masalia ya ule mradi wa karanga wa Waingereza wa 1947, ila na wewe nionyeshe trekta kuukuu Urambo ambalo mwenyewe hasemi hivyo. Kwa mbele juu ya rejeta kuna neno Fordson, herufi zimemiminwa pamoja na chuma chenyewe, na hapo ndo kwenye kazi.

Gereji iliyopiga rangi bodi siitaji jina. Walipuliza bluu kila mahali herufi zikamezwa, wakasema watabandika tepu ya karatasi kuzunguka kila herufi halafu wapulizie chungwa. Kwa chuma cha kumimina hiyo haiendi, kingo za herufi zimebonyea kwa mviringo na uso wake una chenga chenga, tepu haishiki mpaka chini, rangi inapenya. Walijaribu kwenye F ikatoka kama imeliwa na mchwa.

Jamaa wa Isevya kwanza aligoma kuanza. Alibonyeza bluu kwa ukucha, alama ikabaki, akasema hii mbichi, nikiweka nyingine juu tinna itainyanyua ya chini ijikunje yote, kaianike kwanza. Nilinuna maana mjomba alikuwa ananipigia simu kila jioni, lakini fundi alikuwa sahihi kabisa.

Iliposhika akataka aletewe tenki la juu la rejeta peke yake, limefunguliwa, akalilaza mezani herufi zikitazama juu, kwa sababu likisimama rangi inateremka na kujazana kwenye tumbo la herufi. Akachukua msasa namba 320 akauzungushia kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, kwa hiyo unakwangua uso wa herufi tu, bluu ya mabondeni haiguswi. Kwenye kona za S kulikuwa bado na kutu, akaichokonoa kwa ncha ya msumari na kugusisha praima ya kutu kwa brashi ndogo. Hapo hajafungua hata kopo la chungwa.

Sasa uhondo wenyewe. Kwenye herufi haanzi na brashi, ana rola ndogo ya sponji ngumu, alimwaga rangi ya oili kwenye kipande cha kioo bila tone la tinna, akaviringisha rola huku na huku mpaka ikawa karibu kavu na kutoa ule mlio wa kunata, ndo akaipitisha juu ya herufi kwa mkono mwepesi sana. Rola inagusa palipoinuka tu. Mkono wa kwanza unaonekana mchafu, bluu inachungulia, nusura nimwambie basi acha tu, ila anaacha ikauke na kurudia mpaka inashiba, mwisho anapitia kingo kwa brashi ya nywele ndefu. Palipovuka mpaka alifuta hapo hapo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo alichokifunga kwenye kijiti, bluu ya chini haikupata hata kovu.

Alinitoza 40,000, rangi nilinunua mwenyewe, kopo la robo lita na imebaki tele. Kwa kazi ya mkono ya namna ile mi naona ni bei ya haki.

Maksi moja nimeikata kwa sababu ya vumbi. Kibanda kiko wazi upande wa barabara, kiangazi hiki kila bodaboda ikipita inakuachia zawadi, na kwenye D kuna chembe mbili tatu zimegandia humo, ukipitisha kidole unazisikia. Halafu simu hapokei, lazima uende mwenyewe, na wateja wa bajaji wakijaa wewe unasogezwa nyuma bila kuambiwa. Na rangi zile za kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuzigandisha, hagusi, anajua oili tu.

Ukienda fika asubuhi upepo haujaamka, tenki uwe umeliosha grisi yote, na ubebe boksi kubwa la kulifunikia likiwa linakauka, yeye hana.