Cheti cha PMP: pesa yako iende kwenye maswali, si kwenye sambusa

Mara ya kwanza kujiandaa na PMP, cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi, nililipa zaidi ya mshahara wangu wa mwezi kwa mafunzo ya siku 5 hotelini. Tulipewa begi lenye nembo, kalamu, na faili nene la slaidi. Chai ya saa 4 ilikuja na sambusa mbili za nyama, na kusema kweli zilikuwa nzuri. Siku ya mtihani ilipofika nikaanguka. Begi ninalo hadi leo, natia chaja humo.

Mara ya pili nilitumia chini ya robo ya fedha ile, nikafaulu. Kwa hiyo orodha ya vitu vya kujiandaa iliyo hapa chini haikupangwa kwa bei wala kwa umaarufu. Nimeipanga kwa swali moja tu: shilingi yako itakusaidia wapi ukiwa umekaa mbele ya skrini na saa inahesabu kurudi nyuma?

Kabla hujalipa chochote

Kwanza hakikisha unastahili kufanya mtihani wenyewe. PMI, taasisi ya Marekani inayotoa cheti hiki tangu 1984, inataka uwe umeongoza miradi: miezi 36 kwa mwenye shahada, miezi 60 kwa mwenye cheti cha sekondari. Kushiriki kwenye mradi hakutoshi, unatakiwa uwe uliongoza. Wengi huku kwetu wanaongoza miradi bila kuitwa mameneja wa miradi. Afisa wa shirika aliyesimamia uchimbaji wa visima 12, mhandisi aliyefunga mfumo wa hospitali ya wilaya, mwalimu aliyesimamia ujenzi wa madarasa, wote hao wana uzoefu, ila hawajauandika. Uandike sasa, pamoja na majina ya waliokusimamia, kwa sababu baadhi ya maombi huchaguliwa kwa ukaguzi na utatakiwa kuleta saini zao. Bosi wa zamani aliyehamia Dodoma na kubadilisha namba ya simu ni mtihani mwingine kabisa.

Kama uzoefu haujatimia, acha PMP kwanza. CAPM, mdogo wake kutoka taasisi hiyohiyo, haidai uzoefu. Na kama kazi yako yote ni ya mashirika ya misaada na hufikirii kuhama, PMD Pro, cheti ambacho sasa kinaitwa Project DPro, kiliundwa kwa ajili ya watu wa sekta hiyo.

La pili ni muhtasari wa mtihani, yaani hati inayoeleza kitakachoulizwa. Hapa watu wanapoteza fedha sana. Muhtasari ulioanza Januari 2021 uligawa maswali kwa maeneo matatu: Watu asilimia 42, Mchakato 50 na Mazingira ya Biashara 8. Muhtasari mpya wa 2026 umebadilisha uzito huo: 33, 41 na 26. Tazama hiyo 26. Eneo ambalo watu walikuwa wakilipitia usiku wa mwisho sasa linabeba zaidi ya robo ya mtihani. Muuzaji yeyote wa kozi, kitabu au maswali muulize kwanza: hii inafuata muhtasari wa mwaka gani? Akianza kujiumauma, aga uondoke. Vitu vya zamani vitauzwa kwa bei ya kutupa, na bei ya kutupa ndiyo inayotunasa.

1. Benki ya maswali

Naiweka juu bila kusita, na ninayoipendekeza ni Study Hall ya PMI wenyewe. Imekuwa ikiuzwa kwa ngazi mbili, ya chini dola 49 na ya juu dola 79, ingawa bei huwa zinabadilika. Tofauti kubwa ni idadi ya maswali na mitihani kamili ya majaribio. Nilinunua ya chini, ikanitosha.

Maswali ndiyo ya kwanza kwa sababu PMP haipimi kumbukumbu. Inapima namna unavyoamua, na namna yao si ile tunayoijua kazini. Chukua mfano nilioutunga mwenyewe. Unaongoza mradi wa visima vijijini. Diwani anakuja na kusema kisima cha 7 kihamishiwe karibu na shule. Utafanya nini kwanza? Chaguo la kwanza: kumkatalia, kwa kuwa mpango umeshapitishwa. La pili: kukubali, kwa kuwa ni mdau mkubwa. La tatu: kumpigia mdhamini wa mradi. La nne: kukaa na timu na kupima athari za ombi hilo.

Mimi, kwa miaka yangu yote ya kazi, ningempigia bosi. Diwani ni diwani. Lakini kwenye mtihani bosi ni kimbilio la mwisho. Meneja wa PMP anachunguza kwanza, anazungumza na wahusika, anapima athari, ndipo ombi la mabadiliko linafuata njia yake. Hakimbilii juu, hafukuzi mtu, haombi fedha zaidi kabla ya kuelewa tatizo. Tabia hiyo huipati kwa kusikiliza mhadhara. Inakuingia baada ya kukosa maswali 200 na kusoma maelezo ya kila ulilokosa, ukiwa na hasira kidogo.

Jambo jingine ni mwendo. Kwa mtindo wa 2021 ni maswali 180 kwa dakika 230, yaani sekunde 76 na kidogo kwa swali moja, na mengine yana aya nzima ya hadithi. Kwetu tuliojifunza Kiingereza darasani, kusoma ndiko kunakokula muda, si kufikiri. Kiswahili hakimo katika lugha za mtihani. Kifaransa kimo, na Kiarabu kimo, kwa hiyo ndugu zetu wa Bukavu, Bujumbura au Muscat waangalie hilo kabla ya kujilazimisha na Kiingereza.

Study Hall nayo ina kasoro. Maswali yake ya ngazi ya juu kabisa ya ugumu yamepinda kiasi kwamba unaweza kusoma maelezo ya jibu na bado usikubaliane nayo. Yasikuvunje moyo, na usiyatumie kujipima. Pia usajili una muda wake, kwa hiyo usilipie siku unapopata wazo la kusoma. Maliza kozi kwanza.

2. Kozi ya video yenye cheti cha saa 35

Kozi inasomwa kabla ya maswali, lakini nimeiweka ya pili kwa sababu fedha nyingi hazihitajiki hapa. PMI inataka saa 35 za mafunzo ya usimamizi wa miradi. Kozi iliyorekodiwa inakubalika, ilimradi ina tathmini mwishoni. Cheti cha dola 15 na cheti cha dola 1,000 vikifika kwenye fomu ya maombi vinajaza kisanduku kilekile.

Udemy, soko la kozi za mtandaoni, ndiko wengi wanakoanzia. Kozi ya Andrew Ramdayal inajulikana sana na inatoa hizo saa 35. Anaongea haraka lakini anaeleweka, na nguvu yake ni kukueleza namna ya kufikiri mbele ya swali. Usilipe bei kamili. Udemy hushusha bei mara kwa mara. Subiri siku chache, kitu kinachoonyesha dola 80 utakikuta kwa dola 15 hivi. Kuhusu malipo, kadi ya mtandaoni ya Visa inayotengenezwa kupitia M-Pesa, kwa Tanzania na kwa Kenya, inakuokoa na safari ya benki.

Bando likiwa la mawazo, pakua video kwenye simu ukiwa na Wi-Fi ya ofisini. Mimi nilimaliza theluthi moja ya kozi ndani ya daladala la Mbagala, nikiwa nimesimama.

YouTube ina vya bure vyenye maana. David McLachlan ameweka video ndefu za maswali ambamo anasoma swali, anafuta majibu mabovu moja baada ya jingine, na kueleza kwa nini. Kama fedha ni ya kozi na mtihani tu, video hizo na subira vitakufikisha mbali.

3. Wenzako

PMI ina matawi Kenya na Tanzania, na wanachama wake huandaa vikao na makundi ya kusoma. Thamani yake si mafunzo. Ni kumpata mtu aliyefanya mtihani mwezi uliopita, akuambie ulivyokuwa. Kikundi cha watu 4 wanaokutana Jumamosi na kubishana juu ya maswali 20 ni bora kuliko kundi la WhatsApp la watu 250 wanaotumiana picha za asubuhi njema.

4. Vitabu

Usinunue PMBOK, kitabu cha mwongozo cha PMI, iliyodurufiwa steshenari. Mwanachama wa PMI anapakua nakala yake bure. Kwa miaka mingi hesabu ilikuwa hivi: mtihani dola 555 kwa asiye mwanachama na 405 kwa mwanachama, uanachama dola 129 na kujiunga dola 10. Jumla ya mwanachama ilikuwa 544. Yaani ulijiunga, ukapata kitabu, na bado ukabakiwa na dola 11. Bei za sasa zimesogea, na PMI imekuwa ikiweka viwango tofauti kwa nchi tofauti, kwa hiyo ingia kwenye akaunti yako ulinganishe namba mbili hizo kabla ya kubonyeza.

PMBOK yenyewe si kitabu cha kusoma kuanzia jalada hadi jalada. Toleo la 6 la mwaka 2017 lilikuwa na michakato 49 ambayo watu waliikariri kama sala. Toleo la 7 la 2021 likaitupa kando na kuleta kanuni 12. Aliyekariri jedwali la 49 na kulitegemea peke yake alikuta maswali mengi ni ya ajaili (agile, kazi inayofanywa kwa hatua fupifupi na kurekebishwa njiani) na ya mseto, ya timu inayogombana na mteja anayebadilisha mawazo kila wiki. Kitabu kiwe cha kufungulia pale unapokwama.

5. Mafunzo ya hotelini

Si kwamba ni wezi. Mwalimu wangu alijua kazi yake, na cheti cha saa 35 nilikipata. Tatizo ni kwamba siku 5 mfululizo, saa 7 kwa siku, hakuna kichwa kinachobaki na nafasi. Ukitoka pale una faili na imani, huna mazoezi. Nilikaa miezi mitatu nikisema nitaanza Jumatatu.

Mwajiri akilipa, nenda. Kula sambusa. Kama unalipa mwenyewe, uliza mambo matatu: kuna mitihani kamili ya majaribio, mwalimu atapatikana baada ya wiki hiyo, na ile ahadi ya kurudishiwa fedha ukifeli imeandikwa wapi? Ahadi ya mdomo usiihesabu.

Ambacho hakimo kwenye orodha

Kuna watu Telegram wanaouza "maswali halisi ya mtihani", na wengine wanaodai watakufanyia mtihani ukiwa umekaa nyumbani. Ni wizi wa aina mbili, wanaiba mtihani na wanakuibia wewe. PMI inaweza kufuta cheti chako na kukufungia, na bado mengi ya maswali hayo ni ya zamani yenye majibu mabovu.

Kituoni au nyumbani

Mtihani unafanyika chini ya Pearson VUE, kampuni ya kusimamia mitihani, kwenye kituo au nyumbani kwa kamera. Bei ni ileile, hivyo unachochagua ni mazingira. Ukishakubaliwa una mwaka mmoja na nafasi tatu, lakini kila marudio yanalipiwa, kwa hiyo usiichezee ya kwanza.

Nyumbani unatakiwa chumba kitupu, mlango umefungwa, meza haina hata karatasi, na hutakiwi kusoma kwa sauti. Msimamizi anakuona muda wote. Mtoto akifungua mlango kuomba shilingi 500 ya barafu, mtihani unaweza kusitishwa. Kwa mtindo wa 2021 kuna mapumziko mawili ya dakika 10, baada ya swali la 60 na la 120, na ukishaingia mapumziko huwezi kurudi kwenye maswali uliyoacha nyuma.

Mimi nililipa nauli nikaenda kituoni. Umeme ukikatika pale, jenereta ni shida yao.