GeoGebra kwa kazi za nyumbani: jometri safi, aljebra kwa uangalifu

Kwa mwanafunzi wa Goma mwenye devuari ya kesho asubuhi, umeme umekatika na mega zimekwisha, sifa ya kwanza ya GeoGebra, programu ya hisabati, ni hii: ukishaipakua kwenye simu, inafanya kazi bila intaneti. Ni ya bure kwa masomo. Ilianzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter, chuo kikuu cha Salzburg, Austria. Pakua ile iitwayo Calculator Suite, maana ina grafu, jometri na CAS, yaani sehemu ya kutatua milinganyo.

Kwenye jometri ndipo inapong'aa. Tuseme umepewa pembetatu ABC yenye AB = 7, AC = 6 na BC = 5, utafute pembe zake. Weka kipande AB cha urefu 7. Chora duara lenye kitovu A na nusu kipenyo 6, kisha lingine lenye kitovu B na nusu kipenyo 5. Yanapokatana ndipo C, sawasawa na bikari na rula kwenye kaye, yaani daftari. Utapata A 44,42°, B 57,12° na C 78,46°. B ikitoka 302,88°, usifute kitu: programu hupima pembe kinyume cha mshale wa saa, basi gusa nukta zilezile ukianzia upande wa pili. Na ukiondoa desimali utaona 44, 57 na 78, jumla 179°. Mchoro ni mzima, ni makadirio tu. Rudisha desimali mbili.

Kisha vuta nukta kwa kidole. Pembe mraba iliyochorwa kwa jicho itavunjika palepale, iliyojengwa kwa zana yake itabaki 90°. Hapo mtoto anaona tofauti ya kuchora na kujenga, jambo gumu kulieleza ubaoni.

Kinachowaponza wanafunzi wetu ni mkato. Shuleni tunaandika (2 ; 3) kwa Kifaransa, lakini kwa GeoGebra nukta-mkato ina maana ya umbali na pembe, kwa hiyo nukta inaangukia karibu na −1,98 na 0,28. Andika (2,3). Desimali nazo zinataka nukta: (2.5,3). Ukiandika (2,5,3), itadhani umetoa vipimo vitatu.

Kwenye aljebra tunaisifu kwa kipimo. Ikiwa katika Kifaransa, andika Résoudre(2x²−5x−3=0) ndani ya CAS: inakupa −1/2 na 3, basi. Delta, yaani b² − 4ac, huioni, na alama za mwalimu ziko kwenye delta: 25 + 24 = 49, kipeuo chake 7, halafu (5 ± 7)/4. Anayenakili majibu mawili tu atarudishiwa kaye na wino mwekundu.

Afadhali utatue kwanza kwa mkono, kisha uchore y = 2x²−5x−3 kwenye grafu. Mchirizi unakata mhimili wa x kwenye −0,5 na 3. Kama kaye yako inasema 1 na 1,5, rudi kwenye −4·2·(−3): uliandika −24 badala ya +24, delta ikawa 1. Kosa hili ni la kila wiki, na grafu inalifichua kabla ya mwalimu.

Kwenye simu ndogo, kuza mchoro kwa vidole viwili kabla ya kugusa makutano. Kidole kikifunika nukta mbili, programu inaweza kuchagua ile usiyoitaka.