Fundi wa Temeke aliyekataa kuniongezea gesi

Nina duka la dawa muhimu Mbagala Rangi Tatu, chumba kimoja, mlango unatazama magharibi. Dawa nyingi ninazouza zimeandikwa kwenye boksi zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, kwa hiyo AC kwangu si anasa. Ni ndogo tu, ya nguvu ya kupooza BTU 9,000, ya gesi ya R410A, si inverta (zile zinazobadili kasi ya kompresa). Kipimajoto kinaning'inia kwenye rafu ya dawa za watoto, na kila siku saa nane mchana naandika daftarini kinachosoma. Mwezi wa kwanza na wa pili daftari lilinikosesha usingizi: 31, 32, 31, 33.

Nilishaita mafundi watatu. Wote walifanya jambo lilelile: walifunga geji kwenye mashine ya nje, wakaona presha iko chini, wakasema gesi imeisha, wakaongeza. Elfu sitini, elfu sitini, elfu sabini. Kila mara chumba kilipoa siku nne tano, halafu hali ikarudi kulekule. Mwisho AC ikaanza kujizima: jua likikolea kompresa inakata, feni ya ndani inabaki inapuliza hewa ya moto. Hakuna hata mmoja aliyetafuta gesi inapotelea wapi. Na gesi ya AC haiishi kwa kutumika kama ya kupikia. Inazunguka mle mle bombani. Ikipungua, ujue inavuja mahali.

Wa nne nilielekezwa na jirani yangu anayeuza samaki wa barafu. Ni kijana mwenye karakana ndogo ya majokofu Temeke, upande wa kwenda Tandika. Aliahidi saa tatu asubuhi, akafika saa sita. Hilo nalisema mapema kwa sababu nilifunga duka nikimngoja, na hakupiga hata simu.

Lakini kazi yake! Alipima kwanza hewa inayotoka ndani: nyuzi 22, wakati inayoingia ilikuwa 30. Akafunga geji, ikasoma presha ya psi 80, na kwa R410A kwa joto la siku ile alitegemea ipite 110. Nikajua sasa atasema gesi. Akatikisa kichwa: "Mama, hii haina njaa. Imekabwa koo."

Akavuta gesi yote kwa mashine yake na kuiingiza kwenye mtungi uliokaa juu ya mzani. Kibandiko cha ubavuni kinasema gramu 650. Mzani ulionyesha 910. Kumbe walikuwa wanashindilia gesi kwenye mashine ambayo tayari imejaa! Ikarundikana nje, presha ya upande wa moto ikapanda, kompresa ikajizima kujiokoa.

Akashusha kipande cha ndani, akachana sponji nyuma yake. Pale bomba linapopinda kuingia ukutani, lile jembamba la robo inchi lilikuwa limebonyea. Maji yalikuwa bado yanachuruzika mahali hapo, akasema ni kwa sababu hapo ndipo palikuwa panaganda barafu. Aliyefunga AC alilikunja kwa mkono bila springi ya kuzuia bomba lisibonyee. Nilimwomba kile kipande alichokikata, ninacho hapa mezani: ukikielekeza kwenye mwanga, tundu limebaki kama jicho la sindano ya gunia. Gesi yote ya kupooza chumba ilikuwa inajipenyeza hapo.

Alichonifundisha ni kwamba kwenye AC hizi ndogo, kibomba cha kuibana gesi kiko kwenye mashine ya nje. Kwa hiyo mabomba yote mawili yanayokuja ndani ni ya baridi, na kila moja linataka sponji lake. Yangu yalikuwa yamefungwa pamoja yakiibiana baridi njia nzima. Akayatenganisha. Kipande kipya alikichomelea huku akipitisha nitrojeni taratibu ndani ya bomba, maana bila hivyo shaba hufanya masizi meusi kwa ndani, yakibanduka yanakwenda kuziba kile kibomba chembamba. Halafu pampu ya kuvuta hewa, dakika arobaini. Akaizima, akakaa dakika ishirini anatazama geji tu, haikusogea. Unyevu ukibaki mle unaganda njiani na kuharibu mafuta ya kompresa.

Gesi aliirudisha kwa mzani, gramu 650 kamili, mtungi umepinduliwa chini juu ili itoke ya maji. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, R32 na R125, nusu kwa nusu. Ukiitoa kama mvuke, uwiano wa mchanganyiko unaharibika. Na hakuachia hata pumzi moja barabarani. Mmoja wa wale wa mwanzo aliifungulia ikafyatuka mbele ya wateja wangu, na kilo moja ya gesi hii hupasha dunia joto sawa na zaidi ya tani mbili za kaboni dioksaidi. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikubaliana pale Kigali kuzipunguza.

Saa kumi na moja jioni hewa ilitoka na nyuzi 13. Sasa ni wiki ya sita, daftari la saa nane linasoma 26, mara moja 27. Umeme wa elfu thelathini uliokuwa unaisha kwa siku saba sasa unafika kumi.

Nimelipa laki moja na sabini. Laki na nusu tulikubaliana. Elfu ishirini ya nitrojeni aliileta mwishoni, na hilo sikulipenda. Angesema mapema ningelipa bila neno. Ameniandikia dhamana ya miezi mitatu kwa karatasi, ina tarehe na uzito wa gesi aliyotia.

Kama unaita fundi yeyote, muulize kabla hajapanda ngazi kama amekuja na mzani na pampu. Akija na geji na mtungi peke yake, mpe nauli arudi.

Kilichobaki ni mtetemo wa mashine ya nje kwenye vyuma vyake. Aliahidi kurudi na mipira ya kuweka chini. Hajaja bado, nitampigia Jumatatu.